Uzinduzi wa Kuketi

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Taratibu iliutangazia umma kwamba siku ya Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, mtoto wa mkuu wa idara hiyo angeketi. Angeketi rasmi, sebuleni kwao, mbele ya Katibu Mkuu wa wizara, na kuketi kwake kungezindua Awamu ya Kwanza ya Mpango wa Uponaji. Wananchi waliombwa kuwa watulivu.

Tangazo lilikuwa na dosari moja ndogo. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi tangu wiki ya tano baada ya ajali yake, amesimama tangu wiki ya tisa, na siku tangazo lilipobandikwa, wiki ya kumi na nne, alikuwa jikoni kwa magongo mawili, akiiba sukari.

Mkuu wa Taratibu, ambaye majirani walimwita Kifungu kwa kuwa hakuitikia salamu kabla ya kutaja kifungu kinachoiruhusu, hakuona tatizo. Mpango ulikuwa na awamu tatu: Kuketi, Kusimama, Kutembea. Kila awamu miezi sita. Aliuandika mwenyewe kwa siku kumi na moja, kando ya kitanda cha hospitali, pingili moja ya uti wa mgongo wa binti yake ikiwa imepasuka na miguu yake haisikii hata sindano. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Daktari alikuwa amesema, "Tusubiri." Neno hilo halikuwa na jedwali. Kifungu akalitengenezea jedwali.

Kisha uvimbe ukapungua, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatikisika, na tangu hapo mtoto akawa anapona ovyo ovyo, bila kumtaarifu mtu.

Jumapili kabla ya uzinduzi, Kamati ya Familia ilikutana mezani. Mwenyekiti alikuwa Kifungu. Naibu wake alikuwa mkewe, aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate na ambaye unga haukumtoka kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Mjumbe alikuwa mama mkwe, aliyekuja kwa wiki moja na sasa alikuwa na msumari wake wa kutundikia kanga. Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa mtoto, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na nafasi.

"Ajenda namba moja," alisema Kifungu. "Imeripotiwa kwamba kuna mtu anatembea humu ndani."

"Ni mimi, baba," alisema mwandishi, bila kuacha kuandika.

"Zungumza kupitia kwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti, ni mimi, baba."

Bibi alicheka hadi akashika meza. "Mkwe wangu, wenzio wanachinja kwa habari kama hii. Wewe unafungua kesi?"

"Mama, hakuna anayepinga kutembea. Kutembea kumo kwenye mpango. Kutembea ni mwakani."

Mkewe akasogeza karatasi mbele yake. "Fomu ya shule hii. Mwalimu mkuu kasema nafasi yake inashikiliwa mpaka Jumatatu, baada ya huo uzinduzi wako. Asipotokea, anarudia darasa. Wanataka sahihi ya msimamizi wa matibabu."

"Msimamizi ni mimi."

"Ndiyo maana nakupa kalamu."

Kifungu aliisoma fomu mbele na nyuma, pamoja na jina la mpiga chapa. "Shule iko mita mia sita. Kwa mujibu wa jedwali, huyu hana hata mita moja. Nitasaini nini?"

"Mtaalamu wa viungo kasema anaweza, mradi apumzike njiani."

"Mtaalamu wa viungo si mjumbe."

Mtoto aliweka kalamu chini. "Mwenyekiti, wenzangu wataingia darasa la tano, mimi nitabaki na wale wadogo wanaolia wakipotelewa na kifutio. Hilo niandike?"

"Usiandike. Hapa tunazungumzia usalama. Tumeshapata funzo la ngazi."

Funzo la ngazi lilikuwa ripoti ya kurasa kumi na nne. Wiki moja baada ya ajali, Kifungu aliunda tume ya mtu mmoja, akajiteua, akafanya uchunguzi huru. Tume ilibaini kwamba mtoto alianguka kutoka juu ya tangi la maji kwa sababu ngazi iliteleza. Ngazi ilikutwa na hatia na kusimamishwa kazi. Mpaka leo imefungwa kwa mnyororo ukutani, ikisubiri rufaa.

"Nimeisoma ripoti yako," alisema bibi. "Nimeisoma yote, na miwani yangu hii mibovu. Sikuona mahali palipoandikwa nani alimtuma mtoto juu kupima maji."

"Hilo lilikuwa nje ya hadidu za rejea, mama."

Kila mtu mezani alijua kwamba kina cha maji kilipimwa kila asubuhi, kikaandikwa kwenye daftari la Kifungu, na kwamba asubuhi ile Kifungu alikuwa kwenye simu. Alizikusanya karatasi zake, akazihesabu. Zilikuwa tatu, kama mwanzo.

"Kikao kimefungwa," alisema, na fomu akaiacha mezani bila sahihi.

Alhamisi walifika watu wa itifaki, mpiga picha, na Kiti cha Mradi. Kiti kilikuwa na mikanda mitatu, mito miwili na utepe mwekundu. Kilikuwa cha mtu mzima, kwa sababu vya watoto havikuwamo kwenye orodha ya manunuzi, na mtoto alipowekwa humo alionekana kama barua ndogo ndani ya bahasha kubwa.

"Utakaa hivyo hivyo," Kifungu alimwelekeza. "Mgeni akiingia, usitikisike. Ukitikisika, unaharibu takwimu."

"Nikiwashwa?"

"Utawashwa baadaye."

Saa nne ikapita, na saa tano nayo. Kifungu akiwa nje akitazamia msafara, mtoto alifunguliwa mikanda mara mbili kwenda msalani, akaenda kwa magongo, akarudi, akafungwa tena ili asiweze kutembea. Mara ya pili Afisa Itifaki alisahau mikanda, kwa maana simu yake iliita: msafara umefika kwenye kona.

Katibu Mkuu aliingia saa sita kasorobo, macho yakiwa kwenye hotuba. Alikuwa mtu wa mvi, mwenye umri wa kuwa babu wa mtu. Hapo ndipo malezi ya bibi yalipogongana na Mpango wa Uponaji. Katika nyumba ile, mtoto mwenye nguvu za kusimama hamwamkii mtu mzima akiwa amekaa, na bibi alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

Mtoto akainuka. Akachukua magongo, akapiga hatua sita, moja baada ya nyingine, akasimama mbele ya mgeni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti," alijibu Katibu Mkuu, bila kuinua macho. "Hebu pisha kidogo, unamziba mlengwa."

Kifungu alikuwa hajawahi kumwona binti yake akitembea. Alikuwa amepokea taarifa tu. Alihesabu zile hatua sita kwa macho, na ilipofika ya sita akarudi kinyumenyume. Nyuma yake kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumdaka: Kiti cha Mradi, kitupu.

Akaketi.

"Ndugu wananchi!" Katibu Mkuu alisoma. "Leo nimeshuhudia kwa macho yangu mlengwa wetu akiketi. Ameketi vizuri. Ameketi kwa uzalendo. Wapo waliobeza, wakasema mlengwa huyu hataketi. Wako wapi leo?"

Afisa Itifaki, kijana makini, aliona mtu yuko kitini na akafanya kazi yake. Mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mheshimiwa," Kifungu alijaribu, "mimi siye..."

"Usijitaabishe kuongea, mzee wangu. Umeshapitia mengi."

"Baba, tulia hapo hapo, kidevu juu," alisema mpiga picha. Mwanga ukamulika.

Katibu Mkuu alitia sahihi hati ya ushuhuda, akambandika Kifungu nishani ya karatasi, akala andazi moja akiwa amesimama, akaondoka. Yote yalichukua dakika tisa.

"Sasa rekebisha," Kifungu alimwambia Afisa Itifaki. "Mlengwa ni yule pale. Mimi ni msimamizi."

Afisa alitazama hati, akatazama kiti, akakuna kichwa. "Mzee, nikiandika kwamba mlengwa si wewe, ina maana Katibu Mkuu ameshuhudia kitu ambacho hakikutokea."

"Lakini hakikutokea!"

"Ametia sahihi, mzee."

Kifungu alitafuta kosa katika hoja ile kwa nia safi kabisa, na hakuliona. Angekuwa yeye, angeamua hivyo hivyo.

"Na kwa kuwa mlengwa hawezi kujisimamia," aliendelea afisa kwa upole, "naibu ni nani?"

"Mimi," alisema mkewe. Fomu ya shule alikuwa nayo mkononi. Haikujulikana alikuwa nayo tangu lini.

"Basi saini wewe, mama. Una kalamu?"

Alikuwa nayo.

Jumatatu mtoto alitoka saa kumi na mbili na nusu, bibi akimfuata nyuma na kigoda cha kupumzikia. Mita mia sita ziliwachukua dakika arobaini na nane. Alipumzika mara saba, akaanguka mara moja kwenye nyasi, akaingia darasa la tano na majani kwenye soksi.

Kifungu alibaki nyumbani. Saa mbili alikuwa amempigia simu karani wake kumjulisha kwamba anakuja kazini.

"Kwa miguu, mzee?" aliuliza karani.

"Kwa miguu."

"Kumbukumbu zinaonyesha uko Awamu ya Kwanza. Kusimama ni baada ya miezi sita, ukipata kibali. Ukitokea hapa umesimama, mlinzi ataandika nini kwenye kitabu?"

Karani huyo Kifungu alimfundisha kazi mwenyewe, miaka minne. Alimshukuru, akakata simu, akarudi kitini. Ni kweli kwamba hakuna aliyemfunga. Mikanda ilining'inia huru pande zote mbili.

Mtoto aliporudi mchana alimkuta pale pale, nishani kifuani. Bibi alipita moja kwa moja kwenda kujilaza, akilaumu magoti yake. Mama alikuwa bado kazini.

"Baba, hujala?"

"Chakula kiko jikoni."

"Si uende?"

Kifungu alitazama upande wa jikoni kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto. "Mama yako ndiye msimamizi. Hajaacha kibali."

Mtoto hakucheka, ingawa alikuwa na haki zote za kucheka. Aliegemeza gongo moja ukutani, akamnyooshea baba yake mkono uliobaki wazi.

"Ni hatua tisa," alisema. "Nimeshazihesabu. Mwanzoni utaogopa, halafu utazoea. Ukichoka, shika ukuta."

"Na nikianguka?"

"Nitaandika ripoti," alisema mtoto. "Nitaanza na aliyekutuma."