Mgongo wa Marnix

Jumanne, 2 Desemba
Iandikwe katika historia ya Friesland yetu, huku Uholanzi: leo nimenunua kamba mpya za viatu vya kuteleza kwenye barafu. Rangi ya chungwa. Muuzaji hakupiga saluti, lakini niliona alitaka.

Sababu ipo. Jumapili ni mchujo wa mita elfu moja. Watatu wa kwanza wanabaki timuni, waliobaki wanashukuriwa kwa kuja. Shemeji yangu Ruurd, anayekodisha vyoo vya plastiki kwenye sherehe, ananiambia amenitunzia fulana ya kazi. Nimemwambia amvishe mbwa.

Barafuni tunakwenda wawili wawili. Marnix, mwenye mapaja kama magogo, ndiye wa kwanza kwa kasi. Mimi ni wa pili. Ukipangwa naye, pale mnapobadilishana njia, ya ndani kwa ya nje, unajibanza nyuma yake: upepo unamla yeye, wewe unavutwa bure. Ninachohitaji maishani ni mgongo huo tu.

Ruurd anasema wa kwanza hupangwa na wa mwisho, ili watazamaji wapate kicheko. Barafu anayoijua Ruurd ni ya kwenye friji, lakini hili lina akili. Kesho ni mbio za kupangia jozi. Nitakuwa wa mwisho! Hila kubwa daima huwa rahisi.

Jumatano, 3 Desemba
Kwenda polepole ni kazi ngumu. Nimekohoa kwenye kona. Nimempungia mkono bibi mmoja jukwaani, naye akageuka kutazama nyuma yake. Marnix akauliza kama niletewe kiti cha kusukuma, kile wanachojifunzia watoto wa chekechea. Cheka, ndugu yangu. Mgongo wako nishaupima.

Kocha Gerbrich alisimama pembeni. Alikuwa anakunywa supu yake ya njegere, ananitazama juu ya kikombe.

Wa mwisho kabisa! Nimejipongeza kwa kipande cha jibini.

Ijumaa, 5 Desemba
Usiku wa Mtakatifu Nikolasi. Timu nzima imekaa duara, kila mtu na zawadi yake na shairi lake la kusutwa. Mwandishi hajulikani, anayetia saini ni Mtakatifu mwenyewe. Mimi nilimwandikia Marnix beti tamu sana, apate usingizi mzuri na mgongo ulionyooka.

Kisha nikafungua changu. Unatakiwa usome kwa sauti. Nikasoma:

*Tjibbe ameenda pole, kwa hila si kwa uchovu,*
*Ataka kufika mbele, kwa mgongo wenye nguvu,*
*Koti hili lisilale, limsitirie mbavu,*
*Barafu haina shule, kwa kichwa cha mpumbavu.*

Ndani ya kifurushi: koti la kuzuia upepo. La mtoto wa miaka sita.

Walicheka mpaka biskuti zikawapalia. Nikauliza nani kaandika. Mtakatifu, wakasema wote. Kocha Gerbrich alisema ana wasiwasi kidogo na mizani ya mstari wa tatu.

Wivu tu.

Jumamosi, 6 Desemba
Jozi zimebandikwa. Wenye kasi wamepangwa na wenye kasi. Ndivyo ilivyo kila mwaka, kumbe. Marnix yuko na Oebele, mzee wa timu, aliyekuwa wa tatu nyuma yangu.

Halafu tuko witiri. Wa mwisho anateleza peke yake, wa kwanza kabisa asubuhi, kahawa haijachemka.

Nikamwomba Kocha dakika moja tu. Akafungua kalenda yake, akasema ana nafasi Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne na nusu.

Jumapili, 7 Desemba
Kamba zilipendeza.

Pale pa kubadilishana njia nilitafuta mgongo. Hapakuwa na mgongo. Palikuwa na upepo, nao haukuwa na mtu mwingine wa kushughulika naye. Jukwaani alikuwapo bibi yule. Safari hii alinipungia yeye.

Baadaye Oebele, ambaye hajawahi kuwa na hila hata ya kuficha umri, akajibanza nyuma ya Marnix akavutwa kama tela. Wa tatu. Mimi wa nne.

Kocha akaja kukaa kwenye benchi langu, bila miadi.

“Tjibbe, Jumatano ungeteleza kama kawaida yako, mgongo ule ungekuwa wako.”

Nikamwambia ni rahisi kusema baada ya mbio.

“Niliandika hata shairi,” akasema. Akainuka kwenda kumpongeza Oebele.

Jumatatu, 8 Desemba
Nimetafakari kwa kichwa kilichotulia. Hila haikuwa na kosa. Nilizidisha tu. Mwakani nikitafuta timu nyingine, nitakuwa wa pili kutoka mwisho: hapo hakuna kuteleza peke yako. Anahitajika tu mtu wa kuwa wa mwisho. Nimemfikiria Ruurd.

Fulana yake ya kazi imenikaa vizuri.