Nilivyomhurumia Mwenye Saa ya Nyufa

Leo nimejiaibisha mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu, na nimejiaibisha nikiwa nimesimama, macho nimefumba, nikiomba. Naandika hapa kwenye kikundi chetu kwa sababu Mzee Gachanja alikuwepo, na kesho mtasikia kwake. Heri msikie kwangu kwanza kabla hajaongeza chumvi.

Wiki tatu zilizopita Nyawira wangu, huyu muuguzi wa pale Nyeri mjini, alileta nyumbani kijana anayeitwa Wekesa. Kwao ni Bungoma. Anafundisha fizikia katika shule moja upande wa Ruring'u. Kijana ana adabu. Alikula mukimo sahani mbili, kisha akaomba kusaidia kuosha vyombo. Mama Nyawira akampenda hapo hapo. Mimi pia ningempenda, lakini nikaona saa yake.

Ndugu zangu, ile saa. Kioo kilikuwa kizima, lakini ndani, ule uso mweusi wenye namba ulikuwa umepasukapasuka kila mahali kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Nyufa nyembamba, hazihesabiki. Nikajiuliza, mwalimu mzima, huyu anaishi vipi? Sikuweza kuondoa macho. Tulipoketi nikamwuliza, "Hii saa umekuwa nayo siku nyingi?" Akasema miaka sita. Chai ilipokuja nikamwuliza tena, "Na bado inatembea?" Akasema inatembea vizuri sana. Alipokuwa mlangoni akiaga, nikamshika mkono, nikaitazama kwa karibu, nikasema, "Kwa hivyo hii ndiyo saa yako."

Akaitazama saa, kisha akanitazama mimi. "Ndiyo, Mzee."

(Nilidhani anaona haya.)

Nilisikitika wiki zote tatu. Nilimtaja katika maombi yangu ya asubuhi. Kwenye ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba niliwaomba wenzangu tumkumbuke kijana mmoja aliye na uhitaji. Sikumtaja jina, nilitaja saa tu. Na Jumatano nikashuka mjini nikamnunulia saa mpya, ya rangi ya dhahabu. Inaonyesha tarehe, inaonyesha siku, na gizani inawaka. Muuzaji aliniapia kwamba hata ikitumbukia kwenye ndoo ya maziwa haiharibiki. Nikapanda kurudi nyumbani Wamagana nikimshukuru Mungu kwa kunipa macho ya kuona shida za watu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya Wekesa kuja na watu wake, aseme mbele ya wazee kwamba anamtaka Nyawira, nami nijibu kama nimempokea au la. Alikuja na mjomba wake, afisa wa polisi aliyestaafu, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Upande wetu alikuwepo Gachanja, mzee mwenzangu wa kanisa, na watu kama kumi wa ule ushirika. Mama Nyawira alikuwa ametandika vitambaa vyeupe hata juu ya redio.

Tukala. Tukanywa chai. Kisha mjomba akasimama. "Wazee, kabla kijana wetu aseme neno, ako na kitu kidogo ya baba."

Wekesa akaja mbele, akainama, akanipa kasha dogo kwa mikono miwili. Nikalifungua.

Ilikuwa ile saa.

Nilishtuka. Kwanza nikadhani amekosea kasha. Kisha nikautazama mkono wake wa kushoto, nikaona uko mtupu, na pale saa ilipokuwa ikikaa ngozi imebaki rangi nyingine. Ndipo nikaelewa. Yaani, ndipo nikadhani nimeelewa. Kijana hana kitu cha kunipa, amevua kilichokuwa mkononi. Machozi yakanilenga. Hapo ningesema asante nikae, na sasa hivi nisingekuwa na la kuandika.

Nikasimama. (Nikipata nafasi ya kusimama mbele ya watu, mnanijua.)

"Kijana," nikasema, "katika nyumba hii hakuna mtu anayechekwa kwa sababu hana. Usione haya. Zawadi yako Mungu ameiona, na hata kama imeharibika, tumeipokea."

Mama Nyawira alinitazama kama anavyotazama maziwa yanayokaribia kumwagika jikoni. Sikujali. Nikasema tuinamishe vichwa. Nikamwombea Wekesa apate kazi ya kudumu. (Anayo. Amekuwa nayo miaka minane.) Nikamwomba Mungu amvushe katika umaskini. Nikawaombea wazazi wake kule Bungoma wajaliwe angalau ng'ombe mmoja. (Wana kumi na wanne.) Upande wetu "Amina" ilitoka kwa nguvu. Upande wa mjomba sikusikia kitu.

Nilipofumbua macho nikaitoa ile ya dhahabu mfukoni na kumfunga mkononi mimi mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Kisha, ili furaha itimie, nikaiinua saa ya nyufa juu kila mtu aione, nikasema, "Na hii mbovu sasa tutawapa watoto wachezee."

Makofi yakakatika.

Mjomba akaweka kikombe chini polepole. "Mzee. Ati mbovu?"

"Si unaiona imepasuka?"

"Mimi naiona. Si wewe ndiye ulikuwa unaitaka?"

"Mimi?"

"Mara tatu, Mzee. Kijana alirudi akaniambia, mzee ameuliza juu ya saa nikiketi, akauliza kwa chai, akauliza kwa mlango, na hapo kwa mlango akaishika kabisa. Nikamwambia, hiyo sasa si swali. Baba wa msichana akiuliza kitu mara tatu unampatia, hata kama roho inang'oka. Wiki yote amekuwa akiiangalia hiyo saa kama mgonjwa."

Nikamgeukia Wekesa. Aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Mzee, kwani hukuwa unaitaka?"

"Sikuwa naitaka. Nilikuwa nakuhurumia."

Nyawira akainuka, akaingia jikoni, akafunga mlango taratibu. Ningependa angeubamiza.

Hapo Gachanja akainamia mbele, kwa sauti ya mtu anayesaidia, akauliza, "Kwani huyu ndiye yule wa saa tumekuwa tukimwombea?"

Mjomba akachukua kofia yake. "Wekesa, twende. Tumeombewa kama watu wa kuomba barabarani, na zawadi imepewa watoto. Jibu tumepata."

Nilikosa neno. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno hata kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua. Niliona wazi kwamba binti yangu ananyang'anywa mchumba, na anayemnyang'anya ni baba yake, kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliyeniokoa ni Wekesa. "Mjomba, kaa kidogo," akasema. "Mzee hajui. Hata mimi kabla nianze kuzikusanya sikuwa najua."

Akaichukua saa kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani, akatuita. Akaeleza kwamba ni ya zamani sana, karibu rika langu. Ilipotengenezwa uso wake uling'aa kama kiatu cha polisi. (Mjomba akaitikia kwa kichwa.) Kisha joto na jua la miaka mingi likaikausha ile rangi mpaka ikapasuka yenyewe, chini ya kioo, bila kuguswa na mtu. Wanaokusanya saa za zamani hutafuta hasa za namna hii, kwa sababu nyufa kama hizo hazitoki kiwandani, na huwezi kupata saa mbili zilizopasuka sawasawa. Fundi akiipaka rangi upya, ameiua. Anazo kumi na moja nyumbani, akasema, na hii ndiyo aliyoanza nayo. Aliipata sokoni Karatina kwa mama mmoja wa mitumba, ikiwa chini ya rundo la mikanda.

"Ona hapa karibu na nne," akaniambia. "Mistari inazunguka kama alama ya kidole. Wanafunzi wakifanya mtihani, mimi huwa naangalia hapo."

Nikaangalia. Na kweli, sijui nilikuwa nimeangalia nini siku ile ya kwanza.

Gachanja akaitazama saa, akautazama uso wangu, akaitazama saa tena. "Muriuki," akasema, "basi mimi na wewe tuache kujipaka mafuta. Kumbe tuko na bei."

Watu wakacheka. Hata mjomba alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo, lakini kofia bado ilikuwa mkononi. Nikawaomba msamaha, yeye na kijana, kwa maneno machache na macho yakiwa wazi. Kisha nikafanya kosa la pili. Nikamnyooshea Wekesa saa yake. "Chukua, mwanangu. Hii ni yako."

Mama Nyawira akanikanyaga mguu.

"Mzee," mjomba akasema, "ukiirudisha, umemrudisha na yeye. Sema moja. Umempokea ama hujampokea?"

Hakuna aliyegusa kikombe. Mlango wa jikoni ulikuwa umefunguka kidogo, nikaona jicho moja la binti yangu.

Nikaivaa. Nilishindwa kuuingiza mkanda kwenye tundu, mpaka Wekesa mwenyewe akanifungia, polepole, kama mzazi anayemfunga mtoto vifungo vya sweta siku ya kwanza ya shule.

"Nimempokea," nikasema.

Mjomba akaweka kofia chini. Nyawira akatoka na birika la chai ambayo hakuna aliyeiomba, akaanza kumimina kwa mjomba, mimi akanifikia mwisho.

Wameondoka jioni hii. Namshukuru Mungu, arusi ipo, ingawa mshtuko haujanitoka na chakula cha jioni nimekiacha. Wekesa aliponiaga aliutazama mkono wangu muda mrefu kuliko alivyonitazama usoni. Kisha akashuka zake, ile dhahabu ikimwakia mkononi, na mimi nimebaki na saa ninayoogopa hata kukamua ng'ombe nikiwa nayo.

Naomba msicheke. Na mkikutana na Wekesa huko mjini, mwambieni ile mpya inampendeza. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kudanganya.