Ombi la Kuwasimamisha Kazi Walinzi wa Kifua Changu

Ndugu Mhariri,

"Kuvimba si ugomvi. Ni walinzi wa mwili wakiwa kazini, na mwenye nyumba hana budi kuwashukuru." Hayo yaliandikwa Jumanne iliyopita katika safu ya afya ya gazeti lako, na daktari ambaye, kwa bahati nisiyoiomba, ni mdogo wake mke wangu. Nimeisoma safu hiyo mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Nasema si kweli. Mwenye nyumba ni mimi, na shukrani sina.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka wa ishirini na sita huu nafanya kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, nikishona migongo iliyovunjika na kubandua majalada ya zamani yaliyobandikwa kwa gundi ya unga. Ukungu huipenda gundi hiyo kuliko mimi ninavyopenda chai. Nikifungua kitabu, vumbi la kijani hupanda, nami hupiga chafya, kifua hukaza na kupiga mluzi hadi jirani akadhani birika limechemka. Sasa mke wangu ametoa amri: kifua kikipiga mluzi tena kabla ya Ijumaa, chumba kinafungwa na vitabu vinakwenda kufungia karanga. Ufunguo ameshauchukua.

Shemeji, badala ya kunitetea, alimwaga petroli. "Endelea tu kuvisoma bila barakoa, shem. Siku moja vitakusoma wewe." Wakacheka dada mtu na mdogo mtu, ndani ya nyumba yangu.

Basi nami nimesoma, tena si safu yake peke yake. Mashtaka yangu si dhidi ya ukungu. Ni dhidi ya hao walinzi.

1. Waliajiriwa bila mimi kuulizwa. Kinga hii mtu huzaliwa nayo. Seli zake zina vipokezi juu ya ngozi ya kila seli, mfano wa vidole vya kupapasia, na vidole hivyo vilikuwa tayari kabla sijajua kutambaa. Hakuna usaili, hakuna mafunzo, hakuna barua ya mdhamini.

2. Wanahukumu kwa koti. Ukuta wa kuvu, yaani ukungu na jamaa zake, umejengwa kwa sukari ambayo miili yetu haitengenezi. Kipokezi kikiigusa sukari hiyo, kesi imekwisha. Hakiulizi kama mwenye koti yu hai. Vumbi la ukungu uliokufa kabla sijazaliwa linakamatwa puani mwangu kama jambazi sugu. Marehemu atamdhuru nani?

3. Hawajui kiasi. Mlinzi mmoja akigusa sukari hutoa ishara za kemikali na kuwaita wenzake. Mishipa hupanuka, njia ya hewa huvimba, kamasi humiminika, na vipokezi vya aina nyingine hudakia ili navyo visikike. Wanabomoa ghala kumfukuza panya. Shemeji ameandika kwamba mchanganyiko wa vipokezi vilivyogusa ndio unaoamua moto uwe mkubwa au mdogo. Vizuri sana. Wa kwangu aliuchanganya nani?

4. Wana kinyongo. Wakiionja sukari hiyo leo, wanaweza kukaa macho kwa wiki kadhaa, na mgeni anayefuata, hata kama hahusiki, akapokewa kwa rungu nene zaidi. Daktari anaita hayo mazoezi. Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo hapewi hata kazi ya kulinda kuku.

5. Hapa ndipo nilipogonga meza hadi kopo la gundi likaanguka. Kuvu wajanja huificha sukari hiyo chini ya tabaka la sukari nyingine, koti juu ya koti, na mara nyingi hupita! Yaani maiti wa kitabuni anapigwa pingu, na mhuni aliye hai, mwenye koti la pili, anapigiwa saluti.

Ushahidi ninao. Shemeji alinipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya kuwatuliza hao walinzi: mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kisha nisukutue na kutema. Nimevuta maradufu, na sharti la kusukutua nikaliacha, maana dawa nzuri haitemwi. Wiki tatu sasa walinzi wamelala fofofo. Kifua kimya. Je, kuna mwizi aliyeingia? Hakuna!

Kwa hiyo naomba walinzi wasimamishwe kazi wote, kuanzia mdomoni kwenda chini. Daktari aniombe radhi katika safu ileile. Na mke wangu, anayelisoma gazeti hili kabla yangu, arudishe ufunguo.

Wasalimie wachapaji wote, na mwambie anayekata karatasi kwamba kisu chake kimekuwa butu.

Ni mimi, ninayelindwa kupita kiasi,
Fundi wa vitabu, chumba cha nyuma.

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari. Nilipotoa ulimi kulamba bahasha, mke wangu akanishika kidevu. "Baba watoto, hebu toa tena. Umekula chokaa?" Shemeji akaitwa, akamulika tochi. Ulimi na mashavu kwa ndani vimeota utando mweupe. Ni kuvu, tena wale wa koti la pili. Hukaa midomoni mwa watu wengi kwa adabu, kwa kuwaogopa walinzi, na mimi walinzi nimewalaza mwenyewe. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Sasa shem umekuwa kitabu." Mke wangu akamalizia: "Na chenye ukungu kinaanikwa nje."

Naandika haya uani, nimevaa barakoa, meza na vitabu vyangu vyote vikiwa juani pamoja nami. Chumba hakikufungwa, kinakaushwa na kupakwa rangi. Walinzi warudishwe kazini leo, kwanza wa mdomoni, na daktari asiombe radhi mtu yeyote. Bahasha usiishike kwa mkono mtupu.

Nanyi mafundi wenzangu wa vitabu mnaovuta dawa hii: vuteni mlivyoandikiwa, sukutueni, temeni, na msifungue jalada lolote kabla ya kuvaa barakoa. Anzeni leo, kabla hamjalamba bahasha.