Siku Mkono Ulipostaafishwa

Nakisige, jirani yangu pale Nalufenya, anadai kwamba nilimmwagia Mheshimiwa Mukama birika zima la maji kichwani, mbele ya wageni kutoka Mbale, na kwamba mheshimiwa alitoka hotelini analia kama mtoto anayeogeshwa asubuhi. Nakisige hakuwepo. Alikuwa kwenye kibanda chake anauza nyanya. Lakini habari ameisimulia vizuri mpaka watu wamenunua nyanya wasizozihitaji, na mimi nikipita wananipisha njia. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kwa umma kueleza mambo yalivyokwenda rasmi.

Yalianza na tangazo. Gari la kipaza sauti lilipita katikati ya Jinja, likapunguza mwendo mbele ya soko, likasema: "Wananchi watukufu! Kuanzia sasa, katika hoteli zote za hadhi, mkono umestaafishwa! Chakula kitafikishwa kinywani kwa uma na kisu! Hii ni amri ya Kamati ya Ulaji wa Hadhi!"

Tangazo lilikuwa kwa Kiswahili, ambacho kwetu ni lugha ya askari, kwa hiyo wazee kwanza waliinua mikono juu. Walipoelewa ni habari ya chakula tu, wakaishusha, wakaanza kuitazama. Bwana mmoja wa boda boda akauliza, "Afande, mkono ukistaafu unapata pensheni?" Hakujibiwa, maana swali halikupitia kwa katibu.

Kamati ilikuwa na sababu nzuri. Mwenyekiti wake, huyo Mheshimiwa Mukama, alikwenda nje kwa ziara ya mafunzo, akarudi na matokeo: kule barabara hazina mashimo, na watu wanakula kwa uma. Kamati ikajadili kwa kina. Mashimo ni mengi, uma ni mdogo. Wakaanza na uma.

Mimi kazi yangu ilikuwa maji. Bistro yetu iko ndani ya ile hoteli ya vioo inayotazama mto. Zamani iliitwa mgahawa, ila ilipopata vitambaa vyeupe mezani ikawa bistro. Mgeni akikaa, nilikuja na birika, beseni na taulo begani, nikapiga goti, nikammwagia maji ya vuguvugu, akanawa. Kazi hii niliianza kwetu Malukhu, kwenye karamu za tohara, nikiwanawisha wajomba. Ina elimu yake. Ukimnawisha mtu unajua ametoka wapi, ana hasira na nani, na pete ya ndoa ameivulia wapi njiani.

Meneja wetu, Bwana Burhan, akaniita.

"Nambozo, dada yangu, waraka umekuja."

"Unasemaje, bosi?"

"Unasema mikono haitanawishwa tena, kwa sababu haitatumika. Nafasi ya mnawishaji imefutwa."

"Na mimi?"

"Wewe hujafutwa. Ni nafasi tu."

"Sasa nafasi ikifutwa, mimi nitasimama wapi?"

Bwana Burhan ni mtu wa haki, akafikiri. "Pale kwenye kona. Wageni wanakuja kutoka Mbale kuona tunavyokula, ili nao waige. Kamati inataka waone na mambo ya kale. Utasimama na birika lako kama kielelezo. Wakimaliza kula, unarudisha taulo, unaenda nyumbani."

"Kabisa?"

"Kabisa, bambi, pole sana. Lakini utapigwa picha."

Nilishukuru. Si kila mtu anafukuzwa kazi na picha juu.

Utekelezaji ulikuwa wa haraka. Masinki ya ukutani yalijazwa udongo, yakapandwa maua, na kusema kweli yalipendeza. Waraka uliongeza kwamba atakayemwagia mtu maji ya mikono ndani ya bistro atafukuzwa siku hiyohiyo, na hoteli itanyang'anywa leseni. Mheshimiwa alitia saini mwenyewe, kwa wino wa kijani.

Mchana wa siku yenyewe wageni wakaingia, mbele yao Bi Brigid, mama mpana mwenye sauti ya kwaya. Mheshimiwa alichelewa kidogo, maana alikuwa anazindua zizi la mbuzi na ilibidi amshike kila mbuzi kichwani. Alikaa kiti cha mgeni rasmi. Chakula alikichagua yeye, kwa ajili ya uzalendo: kalo, ule ugali wetu wa ulezi, na samaki ngege mzima mzima, wa kukaanga, mwenye kichwa na macho.

"Uma wa kigeni, chakula cha kwetu," alieleza. "Huo ndio uwiano."

Watu wakapiga makofi, kisha wakatulia. Kwetu hakuna anayegusa sahani kabla ya mgeni rasmi.

Mheshimiwa akachoma kalo kwa uma. Kalo ilikuwa imesongwa na mtu mwenye nguvu. Uma ukasimama wima kama mlingoti wa bendera. Akauvuta, bonge lote likainuka pamoja nao. Akalizungusha, akalikagua pande zote kama anayekagua mradi, akalirudisha bila maoni. Akamgeukia ngege. Akaweka kisu, akakandamiza. Ngege akaruka kutoka sahanini, akapita juu ya chumvi, akatua kwenye sahani ya Bi Brigid, juu ya ngege mwenzake.

"Mbale tunashukuru," Bi Brigid akasema. "Huu ni ushirikiano wa miji."

Katibu akaandika. Wakapiga makofi tena, lakini ya njaa.

"Mheshimiwa, tunakungoja," Bi Brigid akaendelea. "Tumetoka Mbale alfajiri, matumbo yanaimba."

"Subira, mama. Kamati inapitia mbinu."

Mchuzi ukaganda. Mjumbe mmoja akasinzia na uma mkononi. Mwisho Mheshimiwa akainua kichwa.

"Natangaza kikao cha faragha. Mapazia yafungwe. Katika faragha tutatumia utaratibu wa mpito."

"Ndio upi huo?"

Akainua mkono wa kulia, akachezesha vidole. Banange! Niliona watu wazima wakikaribia kutoa machozi.

Lakini mkono ule ulikuwa na mbuzi. Wote walijua. Wakatazama masinki: maua. Kuhusu choo hakuna aliyesema, maana hakuna mtu wa kwetu anayenawa chooni akaja kula. Ndipo macho yote yakahamia kwenye kona. Birika langu nilikuwa nimelijaza maji ya vuguvugu na vipande vya limau. Hakuna aliyeniambia kielelezo kiwe kikavu.

"We dada, lete maji."

"Mheshimiwa, mimi ni kielelezo."

"Basi njoo, kielelezo!"

Nikaenda. Nikapiga goti, nikaweka beseni, akanyoosha mikono. Nikainamisha birika mpaka maji yakafika mdomoni, nikasimamisha hapo.

"Naomba mwongozo, Mheshimiwa. Namwaga kama nani?"

"Kama nani vipi? Kama wewe!"

"Mimi nikimwaga nafukuzwa. Mnawishaji ndiye humwaga, na mnawishaji mmemfuta."

"Usimwage, Nambozo!" Bwana Burhan alilia kutoka mlangoni. "Leseni yangu!"

Mheshimiwa akafungua kinywa aseme lile neno moja la kunirudisha kazini. Akamwona mpiga picha. Akalimeza. Bi Brigid alimtazama, akawatazama na ngege, wale wawili.

"Haya," Mheshimiwa akasema chini chini. "Narudisha nafasi. Mnawishaji arudi. Mwaga."

"Kwa mdomo wako, au kwa kamati?" Bi Brigid akauliza. "Sisi tumekuja kujifunza."

Katibu akasafisha koo. Akaeleza kwamba waraka hufutwa na kamati iliyokaa kikao. Na kwa kanuni ya Mheshimiwa mwenyewe, kamati haikai kikao kabla wajumbe hawajala.

Nzi mmoja akatua juu ya ngege, akaanza kula. Hakusubiri mgeni rasmi.

Nakisige anasema kichwani. Si kweli, kichwa sikukigusa. Nilikuwa nimepiga goti, birika limeinama, mdomo wake umeelekea mikono ya Mheshimiwa. Goti langu limezoea, linaweza kukaa. Nyuma yake Bi Brigid alikuwa amenyoosha mikono, na nyuma ya Bi Brigid wajumbe wote, Jinja na Mbale, wamepanga foleni na mikono mbele.

"Nambozo," Mheshimiwa akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Dada yangu. Naomba maji."