Naapa Hizi ni Foji

Tangu watu waanze kuuziana spea pale Musoma mjini, hakuna mteja aliyewahi kuingia gereji akaomba auziwe kitu cha kughushi. Mteja anaomba orijino, anaapiwa orijino, halafu anarudi nyumbani na kitu kingine. Huo ndio utaratibu, na Muzamil aliuheshimu kama wengine wanavyoheshimu foleni ya benki. Kwa hiyo asubuhi ile aliposikia sauti nene nyuma ya gari lililofunguliwa boneti ikisema, "Mimi orijino sitaki hata kuziona, nataka foji," chapati ilimkwama kooni na chai ikatafuta njia ya puani.

Alijifuta, akachungulia.

Mwenye sauti alikuwa Mashimba, mkulima wa pamba na mfugaji wa Bunda, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na mapenzi ya kitoto kwa kigari chake chekundu cha turbo. Kigari chenyewe kilikuwa kimeegeshwa pale gereji bila injini, mdomo wazi kama mtu aliyeng'olewa meno.

"Niliongeza presha ya turbo, pistoni zikapasuka," Mashimba alikuwa anamweleza fundi Jumanne. "Nikaweka zingine orijino, zikapasuka tena, na konrodi ikatoboa bloku ya injini ikatoka nje kusalimia watu! Mbio za magari za Butiama ndizo hizo zinakaribia. Mwaka jana nilishindwa na mwalimu wa shule ya msingi, Jumanne. Mwalimu! Bloku nyingine nimeshapata, na safari hii pistoni foji, na konrodi zinazozishika nazo foji."

"Huku hazipatikanagi, mzee. Labda uagize, na mbio zitakupita."

Hapo Muzamil akajitokeza, tabasamu likitangulia, mwili ukifuata.

"Shikamoo, mzee wangu. Unatafuta foji?"

"Marahaba. Unazo?"

"Umefika kwa baba mzazi wa foji."

Na hilo, kwa haki, lilikuwa kweli. Muzamil alikuwa dalali wa spea. Pistoni kuukuu alizilaza kwenye mafuta ya taa, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa kama meno ya bwana harusi, akazitia kwenye boksi jipya. Neno foji alilijua kuliko jina la babu yake: cheti cha foji, leseni ya foji, mhuri wa foji. Mtu kuja na miguu yake mwenyewe kuliomba hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa kwa dua.

Tena lilikuja wakati wake. Muzamil alikuwa anampenda Bhoke, binti wa Mzee Nyamburi wa Butiama, msichana ambaye mchana alishona nguo mjini na jioni alisoma masomo ya sekondari, na ambaye ndiye mtu pekee aliyekuwa akimsikiliza Muzamil mpaka mwisho halafu akamwuliza, "Sasa katika hayo yote, ya kweli ni yapi?" Mzee Nyamburi alikwisha toa msimamo. Mambo ya dini watakaa wayazungumze, alisema, lakini ng'ombe hawazungumzwi, ng'ombe wanaonekana. Aone wanne kwanza, nao wawe wamefika kabla msimu wa mbio haujaisha, la sivyo kuna mtu wa Tarime amekwisha leta salamu za posa. Na Muzamil, katika maisha yake yote, alikuwa hajawahi kumiliki hata kuku.

"Mzee, nipe dakika chache tu," alisema, akapotea.

Alikimbia mpaka nyumbani kwa dada yake Raya, ambako alikuwa akiishi. Nyuma ya mlango palikuwa na boksi alilobadilishana na fundi mmoja wa mashindano aliyekuwa akipita kuelekea mpakani. Muzamil alitoa redio isiyoongea, yule fundi akatoa boksi. Alipolifungua alikuta pistoni nne na konrodi zake, na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa: FORGED. Akamwuliza kijana wa steshenari ya kuchapa barua, ambaye alijibu bila kuinua kichwa, "Ya kufoji hiyo, bosi. Neno hilo ndilo lililomfunga mjomba wangu." Muzamil aliumia wiki nzima. Kutapeliwa ni jambo moja. Kutapeliwa na kitu ambacho kimejitangaza kabisa kuwa ni feki ni dharau.

Tangu siku hiyo pistoni tatu zilizuia mlango usipigwe na upepo wa ziwani. Ya nne alikuwa nayo mtoto wa Raya, anayetambaa, aliyeisukuma sakafuni kutwa nzima akiguna "vuuu, vuuu." Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyejua thamani yake, na alipopokonywa alilia kilio ambacho majirani walitoka nje kukitazama.

"Unamwibia mpaka mtoto?" Raya aliuliza.

"Dada, nakwenda kuoa."

"Na pistoni?"

"Ndiyo posa yenyewe."

Mashimba alizipokea pale gereji akazigeuza kwenye mwanga. Muzamil aliona jasho likimtoka yule mzee juu ya mdomo, akadhani ni joto.

"Hizi ni foji kweli?" Mashimba aliuliza taratibu. "Nisije nikauziwa orijino hapa."

"Mzee! Mimi? Orijino haijawahi kupita mikononi mwangu. Waulize watu."

"Kweli, hilo nathibitisha," alisema Jumanne.

"Apa."

Muzamil akainua mkono. "Naapa kwa ziwa hili ninalolinywa, hizi ni foji. Foji za kutupwa. Kama kuna hata moja ambayo sio foji, niote pembe."

"Injini ikiwa baridi zitagonga?"

Muzamil alisita. Kwa kawaida swali kama hilo hujibiwa kwa kiapo cha hapana. Lakini mteja huyu alikuwa na njaa ya ubovu, na Muzamil hakuwa mtu wa kumnyima mwenye njaa. "Zitagonga mzee, sikufichi. Zitagonga mpaka uone aibu."

"Safi! Maana foji inatanuka sana ikipata moto, lazima uiachie nafasi. Na konrodi? Zina umbo la H au la I?"

"Zina umbo la herufi yoyote unayoitaka."

Mashimba alikohoa ndani ya kiganja, kikohozi kirefu kidogo. Kisha akawatoa wote mpaka soko la dagaa, akaazima mzani aone kama zinalingana, akapima pistoni moja moja, halafu konrodi moja moja, wauza dagaa wakisimama kutazama samaki gani hao. Sindano ya mzani ilirudi pale pale kila mara, kama imegundishwa. Hapo Mashimba akamtazama Muzamil kwa macho laini, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala.

"Kijana, wewe unataka nini kwa takataka hii?"

"Pistoni moja ng'ombe mmoja. Konrodi nakuongezea tu, kwa heshima. Pesa sitaki, mzee, nimechumbia. Nataka kupeleka mahari Butiama, kwa Mzee Nyamburi."

"Kwa Nyamburi?" Mashimba alisimama wima. "Nyamburi yule mrefu, mwenye sauti ya radi?"

"Huyo huyo."

Uso wa Mashimba ukafunguka kama dirisha. "Basi tumemaliza! Njoo kesho Bunda. Nitakutolea wanne ambao Nyamburi hawezi kuwakataa. Hilo nakuhakikishia mimi."

Na kwa kweli alikuwa mkarimu. Alimchagulia mwenyewe: jike mweusi mwenye doa jeupe shingoni, majike mawili ya rangi ya udongo, na dume moja lenye nundu kubwa kama fuko la safari. Hata kibali cha kuwasafirisha alikishughulikia yeye, tena mapema, ukarimu ambao Muzamil aliupokea bila kuuliza maswali kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa.

"Uwafikishe salama," Mashimba alisema akimkabidhi fimbo. "Wakifika tu, utaona Nyamburi atakavyofurahi."

Safari ya kutoka Bunda mpaka Butiama kwa gari ni ya kusinzia kidogo tu. Kwa miguu, nyuma ya ng'ombe wanne, na viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, ni elimu. Muzamil alijifunza kwamba ng'ombe hashawishiki. Aliwabembeleza, akawatania, akawaahidi majani ya Butiama kwa lugha ambayo ingemfanya mtu auze nyumba. Walisimama katikati ya barabara wakicheua, na malori yakapiga honi. Yule mweusi alimkanyaga kidole gumba, akaondoka, akarudi akakikanyaga tena kama aliyesahau kitu. Walilala Nyamuswa kwenye zizi la msamaria, na Muzamil akalala katikati yao, kichwa juu ya ubavu wa mweusi, akimwota Bhoke. Asubuhi alimkuta huyo mweusi amemlamba nywele zote zikasimama upande mmoja.

Walipokaribia Butiama jambo la ajabu likatokea. Ng'ombe wale wakaongeza mwendo. Bila kuswagwa wakaacha barabara kuu, wakakata kona ya kanisa, wakapita mihogo ya watu bila kuigusa, wakaingia wenyewe ndani ya boma la Mzee Nyamburi, kila mmoja akaenda kusimama mahali pake. Dume likajikuna kwenye nguzo ya kulia, nguzo iliyokuwa imelika sawasawa kwa kimo cha nundu yake.

Muzamil alilengwalengwa na machozi. "Hata ng'ombe wamenikubali," alijisemea.

Mzee Nyamburi alitoka ndani, Bhoke nyuma yake, maana Muzamil alikuwa amemwambia aje kwao siku hiyo. Mzee akawatazama ng'ombe. Akaita, "Nyabwire!" Yule mweusi akaitikia, "Mmmoo!"

"Shikamoo baba," alisema Muzamil, akipiga goti moja kwa madaha na la pili kwa uchovu. "Nimefika. Mahari ndiyo hiyo, kwa jasho langu."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umechoka sana. Mashimba alinipigia simu jana, akasema anamtuma kijana wa Musoma aniletee ng'ombe zangu."

"Ndiyo ba... ng'ombe zako?"

"Nilimpa anichungie wakati wa ule ukame, huku malisho yalikuwa yameisha. Nimekuwa nikimwambia azirudishe, ananiambia hana mtu wa kuzileta." Mzee alimpiga Muzamil begani kwa upendo mzito. "Amesema ujira wako ameshakupa."



Muzamil alitoa simu, akabonyeza, ikaita, na kwa haraka akaiweka sauti kubwa bila kukusudia.

"Mzee Mashimba! Umenipa ng'ombe za mtu!"

"Nilikwambia ni zangu?" Nyuma ya sauti ile injini ilikuwa ikinguruma, ikigonga kidogo, kisha ikaacha kugonga ikawa nzito na tamu. "Nilikwambia Nyamburi hawezi kuzikataa. Amezikataa?"

"Mimi nimekupa mali!"

"Umenipa foji, tena ukaapa. Hukunidanganya hata kidogo, kijana, nakushukuru. Foji hizi hakuna mfano wake hapa mpaka Mwanza."

"Foji si feki?"

"Feki tena? Foji ya mafundi ni chuma kilichofuliwa, mwanangu!"

"Kimefuliwa na sabuni gani?"

Hata dume liliacha kujikuna.

"Kufuliwa kama mhunzi anavyofua jembe, Muzamil," Bhoke alisema, akiuma kanga. "Kinagandamizwa kikiwa cha moto mpaka kinashikana. Zile za kawaida zinamiminwa tu, kama uji."

"Huyo dada amesoma," simu ilisema. "Muoe." Ikakata.

Mzee Nyamburi alianza kucheka kutokea chini kabisa, tumboni, na kicheko kilipofika kooni kuku walitawanyika. Alicheka mpaka akaomba kiti. Kisha akajifuta macho.

"Mura, kwa hiyo ulitaka kuniletea mahari ya ng'ombe wangu mwenyewe."

"Baba, naomba muda."

"Muda nakupa. Binti sijakupa. Kunywa uji, halafu uende ukatafute wa kwako."

Bhoke alimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amejikaza kwa muda mrefu. Sasa aliegemea uzio akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Na kweli umetembea kutoka Bunda?"

"Kidole gumba hiki hapa, kama bado kinahesabika kuwa kidole."

"Usiku ulilala wapi?"

"Nyamuswa. Katikati yao, wasije wakaibiwa."

"Wewe? Unaogopa wezi?"

"Bhoke, dunia imejaa matapeli."

Alicheka tena, lakini safari hii akimtazama. "Mwambie Mashimba akuajiri," alisema. "Mtu aliyeswaga ng'ombe wanne bila kupoteza hata mmoja ana kazi. Na mtu wa Tarime nitamjibu mimi mwenyewe."

Hapo Muzamil alisikia pumzi ya moto shingoni. Alikuwa Nyabwire. Alikuwa ametoka bomani mwenyewe, akawafuata kimya kimya, na sasa alianza kumlamba nywele.

"Mura!" radi ilipasuka kutoka bomani. "Umeanza tena? Rudisha ng'ombe wangu!"

"Baba, sijamchukua! Amenifuata mwenyewe! Naapa!"

"Unaapa nini, wewe!"

"Ni kweli, baba!" Bhoke alipaza sauti, akashika shingo ya ng'ombe upande wa pili. "Nimeona kwa macho yangu. Hapo hajasema uongo."

Muzamil akageuka akamtazama. Alikuwa amewahi kununua mashahidi wengi katika maisha yake, wengine kwa soda, wengine kwa vocha. Huyu alikuwa amejitolea bure. Wakamgeuza Nyabwire pamoja, polepole, mmoja kila upande, wakaanza kurudi bomani.