Dairekta na Hotuba ya Magodoro

Duniani hajazaliwa mtu wa kushika kamera kama Dairekta. Hayo si maneno yangu, ni yake, tena huyasema bila kuulizwa. Hata hilo jina alijipa mwenyewe, akalichapisha kwenye kadi.

Kazi yake ilikuwa kurekodi video za makampuni. Si za arusi! Arusi aliwaachia wapiga picha wa kawaida. Ila makampuni nayo yana visa: huyu anataka nembo iwe kubwa, yule anaitaka ndogo, mwingine anauliza kama ile mvua kwenye video inaweza kuanikwa. Dairekta alishachoka, na mkewe alichoka zaidi. Akamwambia waziwazi kwamba ile kampuni ya magodoro iliyomwita kurekodi hotuba ya mkurugenzi isipompa kazi za mwaka mzima, Jumatatu aende dukani kwa shemeji akapime misumari.

"Mimi nipime misumari?" Dairekta alicheka. "Mama watoto, kazi hii hesabu nimeshaipata."

Siku ya kurekodi, mkurugenzi wa magodoro alikaa mbele ya taa, akakauka. Akifika kwenye neno "ubunifu", ulimi unagoma. Dairekta anabonyeza kitufe, anasema anza. Mzee akikwama, anabonyeza tena, anasema kata. Kila baada ya kata anainamisha kamera na kumnong'oneza katibu muhtasi wa mzee, aliyesimama kando, kwamba mzee anasoma kama mtu anayesomewa hukumu, na kwamba hata godoro lingeongea vizuri zaidi. Katibu muhtasi anatazama ukutani.

Sasa, kitufe cha kuwasha ndicho hichohicho cha kuzima. Na kamera ilikuwa imejiwasha tangu Dairekta alipoifunga kwenye stendi. Bingwa hakuangalia, mabingwa hawaangalii! Kwa hiyo kila aliposema anza, aliizima. Kila aliposema kata, aliiwasha.

Mwishowe mkurugenzi akatoboa. Hotuba ikamtoka tamu, mpaka mhasibu akafuta machozi. Kwa furaha mkurugenzi akawaita wafanyakazi wote ukumbini waione papo hapo kwenye runinga kubwa.

Ikaanza. Sakafu. Viatu vya Dairekta. Sakafu tena. Kisha ile minong'ono yake ikajaa ukumbi mzima, neno kwa neno, hukumu na godoro lake. Dairekta alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkurugenzi hakufoka. Alitazama mpaka mwisho, mikono mifukoni.

"Sauti imetoka safi," alisema. Kisha akamgeukia katibu muhtasi. "Binti, toa simu yako, turudie. Na kuanzia leo video zote za kampuni utarekodi wewe."

Safari hii mzee aliongea kwa hasira, na "ubunifu" ukapita bila kugusa popote. Dairekta alipewa taa aishike.

"Kaka, sogea kidogo," katibu muhtasi alimwambia kwa upole. "Unaniwekea kivuli."