Seneta Aliyepungukiwa Mtu Mmoja

Inatangazwa kwa wananchi wote wa jimbo la Iowa, na hasa kwa wale wenye tabia mbaya ya kukumbuka mambo, kwamba Seneta Garrick Haldorsen hajawahi kubadili msimamo. Msimamo wake ni uleule siku zote. Kinachobadilika ni upande anaousimamia.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Corwin Stavely, Mkurugenzi wa Ofisi ya Ufafanuzi wa Kura, kitengo nyeti kuliko vyote katika kampeni ya Seneta ya kuwania urais. Vitengo vingine vilikuwa na kazi nyepesi za kuchapisha fulana na kukodi mabasi. Stavely ndiye aliyebeba gunia la misumari. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wanamageuzi, watu wagumu kuridhika, kwamba Seneta ni mwenzao wa damu, na kwamba kura zake bungeni zisiwatishe.

Chukua mfano wa muswada wa kuzuia bei ya insulini, dawa ya wenye kisukari, isipande ovyo. Ulipoletwa mara ya kwanza, Seneta alisema ndiyo. Ulipoletwa mara ya pili, makampuni ya dawa yakiwa yameshamwandalia chakula cha jioni, alisema hapana. Mara ya tatu alipiga kura ya "Nipo," ambayo Seneti humruhusu mtu kuipiga akiwa hana la kusema ila kuthibitisha kwamba hajafa. Wenye midomo yao wakamwita ndumilakuwili. Stavely akatoa waraka uliofafanua kwamba ile ya kwanza ilikuwa Ndiyo ya Matumaini, ya pili Hapana ya Uwajibikaji, na ya tatu Nipo ya Tafakuri, na kwamba mtu akizitazama zote tatu kwa pamoja, kwa utulivu, ataona zinasema kitu kimoja. Waraka haukusema ni kitu gani.

Basi ikafika jioni ya mchujo. Theluji ilikuwa imejaa hadi madirishani, na watu wa mji mdogo wa Krogstad, alikozaliwa Seneta, walijikusanya katika ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Huko hawahangaiki na karatasi za kura. Kila mgombea ana kona yake, na mtu anakwenda kusimama anapopataka mbele ya majirani zake wote, hata yule anayemdai na yule aliyemnyima binti. Kisha wanahesabiwa. Kona isiyofikisha watu kumi na tano katika kila mia inatangazwa kuwa mfu, na watu wake hubembelezwa kwa nusu saa waende kona nyingine au waifufue yao. Kengele ikilia, unahesabiwa pale miguu yako ilipo. Anayetaka urais anaweza kufa kona nyingi na bado akaendelea, lakini akifa kwao, mbele ya kamera, ndiyo basi tena. Stavely alilijua hilo vizuri, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa ofisi Ikulu, yenye dirisha la kutazama bustani.

Hesabu ya kwanza ilimkata maini. Kona ya Seneta ilikuwa mfu, imepungukiwa mtu mmoja.

"Msiwe na wasiwasi," Stavely aliwaambia wasaidizi wake nyuma ya kamba ya watazamaji, maana wao walikuwa watu wa Washington na hawakuruhusiwa kuvuka. "Huyo mmoja tunaye. Ni Seneta mwenyewe."

Na kweli. Seneta alikuwa bado mpiga kura wa Krogstad, kwa anwani ya nyumba ya marehemu mama yake. Alijiandikisha mlangoni kama watu wengine, ila hakuhesabiwa kwa sababu alikuwa nje kwenye korido akihojiwa na televisheni kuhusu ukaribu wake na wananchi. Sasa alichotakiwa ni kuingia, kutembea hadi kwenye kona yenye picha yake, na kusimama.

Aliingia akitabasamu. Njiani akaiona Kona ya Wasioamua, ya wale ambao bado hawajachagua mgombea.

Hiyo ndiyo kona waliyokimbilia wanamageuzi wote wa Krogstad, na nayo ilikuwa mfu kwa kupungukiwa mtu mmoja. Kiongozi wao alikuwa Bi Marlys Tjaden, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Seneta kusoma. Kando yake alisimama mjukuu wake Kelsey, msichana wa chuo, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akijipunja dozi ya insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mkononi alikuwa na kipande cha keki alichopewa na jirani kwa wema, na alikuwa hajakigusa.

"Seneta," Stavely alinong'ona juu ya kamba, "kona yako ni ile kule."

"Ile tayari ni yangu, Corwin. Siasa ni kuongeza, siyo kutunza." Na akajitosa kwa Wasioamua.

"Mwalimu! Hujazeeka hata kidogo."

"Nimezeeka sana, mwanangu. Muswada wa insulini unarudi mwezi ujao. Utasema ndiyo?"

"Swali hilo nalipenda mno."

"Usilipende. Lijibu."

Watu wakacheka. Bi Marlys hakucheka. "Ukisema ndiyo, sote hapa tunahamia kwako sasa hivi, nikitangulia mimi. Ukisema hapana, rudi kwenye kona yako kwa amani, hatugombani. Lakini mwambie Kelsey, usiniambie mimi."

Seneta akamtazama Kelsey. Akaitazama kamera. Akayakumbuka makampuni ya dawa, ambayo nayo hutazama televisheni, na akafanya lile alilolizoea tangu aanze siasa.

"Kelsey, binti yangu, mimi na wewe tunataka kitu kimoja."

"Mimi nataka insulini," alisema Kelsey.

"Barabara kabisa! Na insulini ni nini? Ni matumaini. Sasa, matumaini yana gharama, na gharama ina pande zake…"

"Dakika tano!" alipaza sauti mwenyekiti, Verlyn Roelofs, mfugaji wa nguruwe, kengele mkononi.

Kutoka kona ya Seneta watu wakaanza kuita. "Garrick, njoo bwana! Tunakufa huku!"

"Nakuja! Nawasikiliza wananchi!"

"Unasikiliza nini, si unaongea wewe!"

Stavely alirusha mikono, akapiga mluzi, akainama kupita chini ya kamba. Mwenyekiti akamnyooshea kengele. "Wewe mtazamaji, rudi! Hapa siyo Washington, hapa watu wanafuata utaratibu." Akarudi, jasho likimtiririka kwenye ukumbi ambamo watu walikuwa wamevaa makoti. Aliona wazi kwamba neno moja lingetosha, lolote kati ya mawili, na kwamba bosi wake hakuwa na hata moja.

"…na ndiyo maana nasema, tusikimbilie kusema ndiyo, wala tusiogope…"

Kengele ikalia. Yule fisi wa njia mbili angalau alikuwa anatembea.

Wahesabuji wakapita. Verlyn Roelofs akapanda juu ya kiti na kusoma: "Kona ya Haldorsen, mfu, imepungukiwa mmoja. Kona ya Wasioamua, hai. Imepata mmoja."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

"Verlyn, subiri," alisema Seneta. "Mimi siko huku. Nilikuwa napita."

"Umepita kwa nusu saa, Garrick?"

"Mwili uko huku, lakini nia yangu iko kule!"

"Sisi tunahesabu miguu, mzee."

Kamera zote zikamgeukia Stavely. "Mkurugenzi, kwa nini Seneta hakujipigia kura?" "Je, naye hamwamini mgombea huyu?" "Anangoja kuona rekodi yake?"

Stavely alifungua mdomo. Katika kazi yake alikuwa ameifafanua vita, akaifafanua kodi, akayafafanua mabenki, na hakuna siku neno lilimkimbia. Alianza, "Hii ni Nipo ya…" akaishia hapo. Alitaka kulia kama mtoto.

Bi Marlys, aliyekuwa akivaa koti huku akimshika Kelsey mkono, alimwonea huruma.

"Mwacheni kijana wa watu apumzike," aliwaambia waandishi. "Kura zote za Garrick zilinipita kichwani. Hii ya leo ndiyo ya kwanza isiyohitaji ufafanuzi."